Gemu za Konsoli Moja na Uamuzi wa Mnunuzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila konsoli (mashine ya kuchezea gemu) mpya inapotoka, iwe PlayStation ya Sony, Xbox ya Microsoft au Switch ya Nintendo, watu huuliza yale yale: ninunue ipi, na nikinunua hii nitakosa nini kule? Majibu haya ni ya anayetaka kujua jinsi gemu za konsoli moja zinavyovuta wanunuzi, nani anafaidika na nani anaumia, na mambo gani ayapime kabla ya kutoa pesa yake.

Gemu ya konsoli moja ni ipi hasa?

Ni gemu inayochezeka kwenye konsoli ya kampuni moja, na kwa mpinzani wake haipo. Ila si zote zimefungiwa kwa sababu moja. Zipo ambazo mwenye konsoli anazitengeneza mwenyewe katika studio zake, kama Mario na Zelda za Nintendo au God of War ya Sony. Zipo ambazo studio ya nje imezitengeneza kwa pesa za mwenye konsoli. Na zipo ambazo zilikuwa zitoke kila mahali, kisha ikalipwa hela ili zikae upande mmoja kwa miezi kadhaa au mwaka.

Tofauti hiyo ishike vizuri, kwa sababu nitaipimia mambo mengi hapa chini: kuna mkataba unaozaa gemu, na kuna mkataba unaoizuia gemu ambayo ingezaliwa hata hivyo.

Ukitazama trela ya kutangaza gemu, usiifunge kabla ya maandishi madogo ya mwisho. Yakisema gemu ni ya konsoli fulani pekee, mara nyingi kompyuta haihesabiwi humo. Na muda ukitajwa, usidhani siku ukiisha gemu itakuwa imeshafika kwingine. Final Fantasy XVI ilitoka PlayStation 5 Juni 2023, na ahadi ilikuwa miezi sita ya kukaa huko peke yake. Wenye kompyuta waliipata Septemba 2024, wenye Xbox wakaipata Juni 2025. Mkataba husema lini gemu inaruhusiwa kuhama. Hausemi lini itahama.

Kwa nini kampuni itumie mamilioni ya dola kutengeneza gemu, halafu ikatae kuwauzia nusu ya wachezaji?

Kwa sababu faida yenyewe haiko kwenye gemu hiyo. Wala haiko kwenye konsoli. Mwaka 2021, katika kesi ya Epic, watengenezaji wa Fortnite, dhidi ya Apple, Lori Wright wa Microsoft aliulizwa mahakamani kama kampuni yake inapata faida kwa kuuza Xbox, akajibu kwamba haijawahi. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006 ilikuwa ikiuzwa dola 499 na dola 599, bei iliyowashtua wengi, na bado Sony ilikuwa inauza kwa hasara.

Hela inarudi baadaye. Kwa kila gemu inayouzwa kwenye duka la kidijitali la konsoli, mwenye duka huchukua sehemu yake, ambayo kwa kawaida ni asilimia 30. Sasa mfuate mtu mmoja. Ananunua PlayStation 5 kwa sababu anataka Marvel's Spider-Man 2. Anaimaliza kwa wiki mbili. Konsoli haiuzi, inabaki sebuleni kwake miaka sita. Ndani ya miaka hiyo ananunua gemu ya mpira kila mwaka, Call of Duty kila mwaka, analipia usajili wa kucheza mtandaoni, ananunua nguo za wahusika ndani ya Fortnite. Spider-Man ilimfungulia mlango tu. Yaliyobaki yote yangeweza kununuliwa kwa mpinzani, lakini yamenunuliwa hapa.

Ndiyo maana Sony ilikubali kubeba gharama kubwa. Katika nyaraka za kesi ya mwaka 2023 kuhusu Microsoft kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard, ambazo takwimu zake zilifutwa vibaya hadi zikasomeka, ilionekana kwamba The Last of Us Part II iligharimu takriban dola milioni 220 na Horizon Forbidden West dola milioni 212. Ukiitazama gemu peke yake, hiyo ni hatari kubwa. Ukijumlisha manunuzi ya miaka sita ya waliovutwa nayo, hesabu inabadilika.

Kweli gemu moja inaweza kuuza konsoli?

Inaweza, na ushahidi ni wa zamani. Mwaka 1980 Atari ilileta Space Invaders kwenye konsoli yake ya 2600. Watu walikuwa wanaijua kutoka kwenye mashine za sarafu, na wengi wakanunua konsoli ili waicheze nyumbani. Mwaka 1989 Nintendo iliuza Game Boy Marekani ikiwa na Tetris ndani ya boksi lile lile, na watu wazima ambao hawakuwahi kujiita wachezaji wakaanza kutembea na Game Boy mfukoni.

Kisa cha Final Fantasy VII kinafundisha zaidi. Kampuni ya Square ilikuwa imeutoa mfululizo huo kwenye konsoli za Nintendo tangu 1987. Nintendo ilipoamua kwamba konsoli yake ya Nintendo 64 ibaki na katriji, vikasha vya plastiki vyenye gemu ndani, ambavyo vikubwa kuliko vyote vilibeba megabaiti 64, Square ilikuwa na gemu yenye video nyingi isiyoweza kuenea humo. Ikahamia PlayStation, na mwaka 1997 Final Fantasy VII ikatoka kwenye diski tatu. PlayStation ya kwanza iliuza zaidi ya konsoli milioni 100, Nintendo 64 takriban milioni 33. Sisemi gemu moja ndiyo iliyoleta pengo lote hilo. Diski zilikuwa rahisi kuzalisha na studio nyingi zilifuata njia hiyo hiyo. Lakini kwa mchezaji aliyekuwa amekua na Final Fantasy, uamuzi ulikuwa umeshafanyika.

Kisha ipo Halo. Steve Jobs aliionyesha jukwaani mwaka 1999 kama gemu inayokuja kwenye kompyuta za Mac. Mwaka uliofuata Microsoft ikainunua Bungie, studio iliyokuwa ikiitengeneza, na tarehe 15 Novemba 2001 Halo ikatoka siku moja na Xbox ya kwanza. Wakati huo Microsoft haikuwa na jina lolote kwenye konsoli. Iliyoijengea jina ni gemu ambayo watu waliweza kuunganisha Xbox nne kwa nyaya, wachezaji wanne kwa kila televisheni, na kupigana 16 kwa mpigo. Anayeicheza kwa rafiki yake namna hiyo usiku kucha, akirudi kwake anataka yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Machi 2017. Nintendo Switch ilitoka pamoja na The Legend of Zelda: Breath of the Wild, na katika mwezi huo wa kwanza Marekani ziliuzwa Switch 906,000 na nakala za Zelda kwa ajili ya Switch takriban 925,000. Gemu zilizidi konsoli! Maelezo yaliyotolewa ni kwamba huenda baadhi ya watu walinunua toleo maalumu la kuhifadhi na jingine la kucheza, na wengine walinunua gemu wakati bado wanaitafuta konsoli madukani.

Mbona Wii U, konsoli ya Nintendo kabla ya Switch, ilikuwa na gemu nzuri na bado ikaanguka?

Swali zuri, kwa sababu linaonyesha mpaka wa nguvu hii. Wii U ilikuwa na Mario Kart 8, Super Smash Bros., Splatoon na Super Mario 3D World. Iliuza konsoli takriban milioni 13.6 tu. Jina liliwachanganya watu, wengi wakadhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyokuwa nayo. Studio za nje ziliondoka mapema, na kati ya gemu moja kubwa ya Nintendo na nyingine palikuwa na miezi mitupu.

Halafu Mario Kart 8 ile ile, ikiongezewa vitu vichache na kuitwa Deluxe, ikaletwa Switch mwaka 2017 na kuuza zaidi ya nakala milioni 60. Gemu haikuwa na kasoro. Gemu bora huwaleta watu mlangoni, lakini wakikuta nyumba ni tupu hawahamii.

Upande wa pili, kufungiwa konsoli moja hakuifanyi gemu itamaniwe. Concord ya Sony ilitoka PlayStation 5 na kompyuta Agosti 2024, ikaondolewa sokoni ndani ya wiki mbili, na walionunua wakarudishiwa pesa.

Studio ikitengeneza kwa konsoli moja, gemu huwa bora zaidi?

Mara nyingine ndiyo. Ratchet & Clank: Rift Apart ya mwaka 2021 ilijengwa ikijua kwamba kila mchezaji ana hifadhi yenye kasi ya PlayStation 5, hivyo unarushwa kutoka dunia moja hadi nyingine bila kusubiri. Studio isiyolazimika kufikiria mashine tano tofauti ina muda wa kung'arisha hiyo moja. Lakini gemu hiyo hiyo ilikuja kwenye kompyuta mwaka 2023, kwa hiyo hoja kwamba isingewezekana kwingine haikudumu.

Faida ninayoiona kubwa zaidi ni subira. Mwenye konsoli anaweza kuipa studio miaka mitano bila kuuliza faida ya robo mwaka, kwa kuwa lengo lake si mauzo ya gemu hiyo peke yake.

Je, mikataba hii ni haki kwa wachezaji?

Hapa nina msimamo na siufichi. Bayonetta 2 ilipokosa pesa, Nintendo ndiyo iliyoiokoa. Ikatoka Wii U mwaka 2014, na mashabiki wa PlayStation na Xbox, walioicheza ya kwanza kwenye konsoli zao, walikasirika sana. Nawaelewa. Ila bila pesa hiyo isingekuwepo gemu ya kugombania. Huo ni mkataba uliozaa.

Rise of the Tomb Raider ni habari nyingine. Ilitoka Xbox Novemba 2015, wa PlayStation 4 wakasubiri hadi Oktoba 2016. Tomb Raider ilikuwa na mashabiki PlayStation tangu miaka ya 1990. Waliambiwa wakae mwaka mzima, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyepata kitu cha ziada kutokana na kusubiri kwao. Huo ni mkataba wa kuzuia, na kila kampuni kubwa imewahi kuufanya. Enzi za NES, konsoli yake ya miaka ya 1980, Nintendo ilizitaka studio zilizosajiliwa kwake zisiipeleke gemu ile ile kwenye konsoli nyingine kwa miaka miwili. Pesa iliyotumika kuwanyima wengine gemu ingeweza kutengeneza gemu nyingine.

Studio zenyewe zinafaidika?

Zinapata pesa ya uhakika kabla ya kuuza hata nakala moja, na matangazo ya bure kwenye maonyesho ya mwenye konsoli. Kwa studio ndogo, hilo linaweza kuwa ndilo lililobakiza mishahara.

Gharama yake ni wanunuzi waliokosekana. Resident Evil 4 ilitoka GameCube ya Nintendo Januari 2005 ikiwa imetangazwa kuwa ya huko pekee, na kabla mwaka haujaisha Capcom, watengenezaji wake, ilikuwa imeshaitoa PlayStation 2, walikokuwa watu wengi zaidi. Square Enix nayo, kampuni ya Final Fantasy, baada ya miaka ya kukaa karibu sana na Sony, ilitangaza Mei 2024 kwamba sasa itatoa gemu zake kubwa kwenye konsoli zote na kompyuta. Bei ya kutengeneza gemu ikipanda hivi, kuacha nusu ya soko ni jambo ambalo wachache wanalimudu.

Kununua studio nzima kumebadilisha nini?

Kumehamisha ugomvi kutoka gemu moja moja hadi majina yote ya kampuni kwa pamoja. Microsoft ililipa dola bilioni 7.5 kuinunua ZeniMax, wenye studio ya Bethesda, mwaka 2021, na Starfield ya studio hiyo ikatoka Septemba 2023 kwenye Xbox na kompyuta bila PlayStation. Kisha ikaja Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7. Tume ya biashara ya Marekani ilikwenda mahakamani kujaribu kuizuia, na mjadala mkubwa ukawa Call of Duty, gemu ya Activision: je, itafungiwa Xbox? Microsoft ilitoa ahadi za miaka 10: kwa Nintendo kwamba itampelekea gemu hiyo, na baadaye kwa Sony kwamba itabaki PlayStation. Jaji Jacqueline Scott Corley alikataa ombi la tume Julai 2023, na ununuzi ukakamilika tarehe 13 Oktoba.

Angalia hapo: kampuni ililipa fedha nyingi kuliko ununuzi wowote uliowahi kutokea kwenye tasnia ya gemu, na gemu iliyo maarufu kuliko zote ndani yake haikufungiwa. Kuifungia kungepoteza mauzo ya mamilioni ya watu wa PlayStation kila mwaka.

Kwa nini Xbox sasa inapeleka gemu zake PlayStation?

Phil Spencer, aliyekuwa kiongozi wa Xbox wakati huo, alilieleza vizuri katika mahojiano ya Mei 2023. Alisema kizazi cha Xbox One, konsoli iliyoshindana na PlayStation 4, ndicho kilichokuwa kibaya zaidi kwa Xbox kushindwa, kwa sababu ndicho ambacho watu walianza kujenga maktaba zao za kidijitali. Akaongeza kwamba hata Starfield ingekuwa bora kupita kiasi, watu wasingeanza kuuza PlayStation 5 zao.

Maneno hayo ni ya mtu aliyetumia mabilioni kununua studio, na nayaona kuwa maelezo ya ukweli zaidi kuhusu soko hili. Zamani ukibadilisha konsoli ulianza upya, kwa hiyo kila kizazi kilikuwa mbio mpya. Leo PlayStation 5 inacheza karibu gemu zote za PlayStation 4. Mtu mwenye gemu 80 kwenye akaunti yake, marafiki wake wote wako hapo, hahami kwa ajili ya gemu moja.

Februari 2024 Microsoft ilianza na nne: Hi-Fi Rush, Pentiment, Grounded na Sea of Thieves. Aprili 2025 Forza Horizon 5 ikafika PlayStation 5, Agosti ikafuata Gears of War: Reloaded. Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba Halo ya kwanza, ikiwa imetengenezwa upya, itatoka PlayStation 5 mwaka 2026. Aliyenunua Xbox kwa sababu ya Halo ana haki ya kuuliza sasa konsoli yake inampa nini ambacho kwingine hakipo, na jibu limebaki hasa kwenye Game Pass, usajili wa Microsoft unaokupa gemu nyingi kwa malipo ya kila mwezi.

Nintendo nayo italegeza?

Dalili hiyo hakuna. Ukitaka Mario Kart World unanunua Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025. Nintendo haishindani kwa nguvu ya mashine, kwa hiyo gemu zake ndizo sababu ya mashine kuwepo. Na bei zake hushuka kwa nadra, hata baada ya miaka, kwa hiyo usisubiri punguzo kubwa.

Gemu za PlayStation zinakuja kwenye kompyuta. Nisubiri tu?

Kama una kompyuta nzuri na huna haraka, kusubiri kuna faida. Horizon Zero Dawn ya 2017 ilifika kompyuta 2020, God of War ya 2018 ikafika Januari 2022. Za kucheza na wenzako mtandaoni huja mapema zaidi: Helldivers 2 ilitoka PlayStation 5 na kompyuta siku moja, Februari 2024.

Jihadhari na jambo moja. Mei 2024 Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wafungue akaunti ya PlayStation, na huduma hiyo haipo rasmi katika nchi nyingi duniani. Watu waliokwisha kulipa walijikuta huenda wasiruhusiwe kucheza. Malalamiko yakawa makubwa hadi Sony ikaondoa sharti hilo. Hasira ile ilikuwa ya haki kabisa, na ilizaa matunda. Kabla hujanunua, soma kwenye ukurasa wa gemu inahitaji akaunti gani na kama inaruhusiwa ulipo.

Na usingoje kila kitu. Bloodborne ilitoka PlayStation 4 mwaka 2015, na zaidi ya miaka kumi baadaye bado haijaja kwenye kompyuta.

Basi nichague vipi?

Andika gemu ulizocheza kwa saa nyingi mwaka uliopita, si unazotamani. Kwa watu wengi orodha hiyo ina gemu ya mpira, Call of Duty, Minecraft, Fortnite, GTA, na karibu zote ziko kwenye konsoli zaidi ya moja. Kama orodha yako iko hivyo, gemu za konsoli moja zisikutawale. Angalia bei, na angalia marafiki zako wako wapi.

Kisha andika gemu za konsoli moja ambazo ukizikosa utaumia kweli. Zilizokwisha kutoka tu. Ahadi za kwenye maonyesho huchelewa, hubadilika, nyingine hufutwa. Zikifika tatu au nne upande mmoja, umeshapata jibu. Ikiwa ni moja, linganisha na gharama ya konsoli nzima: hiyo ndiyo bei halisi ya gemu hiyo kwako.

Kuhusu marafiki, zamani kuwa na konsoli tofauti kulimaanisha kutocheza pamoja. Septemba 2018 Sony ilikubali wachezaji wa Fortnite wa PlayStation 4 wakutane na wa Xbox na Switch, na tangu hapo gemu nyingi kubwa zimefuata. Si zote, hivyo thibitisha hiyo mnayoicheza nyinyi.

Nikihama konsoli, gemu zangu zinahama nami?

Hapana. Ulichonunua kwenye duka la PlayStation kinabaki kwenye akaunti yako ya PlayStation, na cha Xbox vivyo hivyo. Diski unaweza kuiuza au kumpa mtu. Nakala ya kidijitali huwezi. Kinachoweza kuhama ni maendeleo yako ndani ya baadhi ya gemu: Fortnite, Diablo IV, Cyberpunk 2077 na Baldur's Gate 3 zinakuruhusu kuendelea ulipoishia kwenye mashine nyingine, ingawa zile za kulipia utainunua gemu upya. Kabla ya kuiuza konsoli ya zamani, ingia kwenye kila gemu unayoijali, unganisha akaunti ya mtengenezaji wake, na uhakikishe kwamba maendeleo yako yameonekana upande wa pili.